Diski ya Pili Kutoka Kushoto

Taa ya njano iliwaka tangu Machi,
na kalenda ya duka la pembejeo
ikatundikwa juu yake.
Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyeuliza.

Diski nne ndani ya sanduku la bati,
chumba cha nyuma, ofisi ya ushirika, Moshi,
ambako vumbi la maganda ya kahawa
hupenya hata pale hewa inapokwama.
Nne, na kila moja imebeba mzigo wake
na kipande cha hesabu ya mizigo ya wenzake,
ili mmoja akianguka, waliobaki wakae chini,
wajumlishe, watoe, waseme: alichokuwa nacho ni hiki.
Mmoja. Si wawili.

Jumanne umeme ulikatika mara tatu kabla ya saa nne.
Mara ya tatu, diski ya mwisho ikaanza kugonga,
tk, tk, tk, kama kucha kwenye sahani tupu.
Nikaitwa.

Bwana Kisamo amesimama mlangoni, funguo zinamcheza mkononi:
"Malipo ya pili ni Ijumaa. Wakulima elfu mbili na mia saba.
Fundi, zima, halafu washa."
Nikamwambia kuzima na kuwasha ndiko kulikotufikisha hapa.
Naomba kiti. Naomba feni. Naomba mtu asiguse kitu.

Nakala ya akiba?
Ipo, akasema, akafungua kabati kwa heshima zote.
Ipo kweli. Ya mwaka juzi.

Sasa ile ya Machi, ya pili kutoka kushoto.
Haikufa. Ilitoka tu kundini siku moja, ikalala.
Nilipoiamsha ilizunguka kimya, nzima kuliko zote,
na humo ndani ilikuwa bado ni Machi:
vipande vya majina, bei ya zamani,
na mstari mmoja mzima, haukukatika popote:
*A. Mkony, karani, ameingia, saa mbili na dakika nne.*

Funguo zikanyamaza.
Aisia walimzika Mei, Kidia, kwenye tope.

"Irudishe basi," akasema taratibu. "Si nzima?"
Nzima, ndiyo. Lakini ukiirudisha
itawaapia wenzake kwamba hakuna kilichotokea,
nao, kwa utiifu wa mashine, watafuta wanachokijua
waandike Machi juu yake.
Nikaiviringisha kwenye gazeti. Nikaiweka dirishani.

Usiku kucha nikanakili ile inayogonga.
Ikikwama, naiacha ipoe. Narudi.
Naisoma kinyumenyume, kutoka mwisho kuja mwanzo,
kama mtu anayemvizia kuku: humwendei moja kwa moja.
Mlinzi aliniletea chai ya tangawizi na swali:
"Inauma?"
Sikujua anauliza kuhusu mgongo wangu au diski.

Alfajiri, asilimia tisini na tisa na ushei.
Mashimo kumi na mawili.
Nikaziunganisha tatu, mpya ikisimama mahali pa mgonjwa,
nikaruhusu kusoma tu, marufuku kuandika,
na majalada yakafunguka moja moja,
Kibosho, Mbokomu, Marangu,
kilo, kilo, kilo.

Shimo moja lilikuwa limeangukia Uru.
Mkulima namba 1184: jina lipo, uzito haupo.
Tukapiga simu. "Ngoja nivae miwani,"
akasema Ndeambilia Massawe, na tukasikia kopo likifunguliwa,
karatasi, kuku, karatasi nyingine.
"Sitini na tatu na nusu. Na ile nusu msiisahau,
mwaka jana mliisahau."
Nikaiandika kwa mkono wangu. Nusu.

Kisha nikawaletea diski mbili mpya.
Saa tisa baadaye, taa nne za kijani.
Kalenda nimeihamishia ukuta wa pili.

Ya Machi, kwa taratibu, hutobolewa kwa drili.
Nilipogeuka kuichukua, dirishani palibaki gazeti tu,
na droo ya Bwana Kisamo
ilikuwa haijafunga vizuri.